Kiti cha Ngazini

Migato hakuna ngazi. Mtu huzaliwa katika kata ile ya Usukuma ya mashariki, iliyokuwa ya Bariadi na mkoa wa Shinyanga kabla ya kuundwa wilaya ya Itilima na mkoa wa Simiyu mwaka 2012, akakua, akalima pamba na mtama, akachunga, akaoa au akaolewa, akazeeka, na katika umri wake wote asikanyage kitu kilichojengwa kwa ajili ya kumpandisha mtu. Nyumba za kale za Wasukuma zilikuwa za msonge, za miti na udongo, paa la nyasi likishuka mpaka karibu na ardhi. Za siku hizi ni za pembe nne, za matofali na mabati. Lakini za kale na za sasa zote zimekaa chini kama kuku anayeatamia, na mwenye nyumba hutoka chumbani mpaka uani kwa kuvuka kizingiti kimoja. Kinachopandwa huko ni kichuguu, mti au jabali, na wapandaji ni watoto na wachungaji.

Ndiyo maana mama mmoja wa Migato, mjane mwenye miaka sabini na ushei, alipopatwa na kiharusi na upande wake wa kulia ukalegea, wanawe waliposhauriana juu yake hawakufikiri ngazi hata kidogo. Walifikiri dawa za shinikizo la damu, mazoezi ya viungo, nauli, na nani mwenye nafasi ya kukaa naye. Binti yake wa kwanza ni mwalimu wa skuli huko Unguja, ameolewa huko na kuzaa huko, na nyumba yake haiko mbali na hospitali. Ikaamuliwa aende kwa binti yake. Alisafiri kwa basi kutoka Bariadi mpaka Dar es Salaam, akapumzishwa siku mbili kwa jamaa, akavushwa kwa boti, na jioni ile ile wachukuzi wawili wa bandarini wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakampandisha vidato 20 vya nyumba moja ya mtaa wa Kiponda, wakalipwa, wakaenda zao. Kupanda kulichukua dakika kumi. Kushuka kulichukua miezi saba.

Anayezijua ngazi za Mji Mkongwe hatastaajabu. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, viwanja vyake vidogo, na ngazi ikapewa nafasi iliyobaki: uchochoro wa ndani, mwembamba, wenye kiza hata adhuhuri, vidato vyake virefu kwenda juu na vifupi kwa unyayo. Aghalabu kidato kina ubao wa mti mgumu ukingoni na chokaa nyuma yake, na katikati ya ubao pamechimbika kwa nyayo za vizazi. Katika baadhi ya nyumba zenye duka chini na makaazi juu, ngazi ni ya mbao tupu na haitofautiani sana na ile anayopandia fundi wa paa. Mtu mwenye afya njema hushuka kwa tahadhari, kiganja ukutani. Waliozijenga hawakuwa wajinga. Wengi wao walikuwa na watumwa na watumishi wa kupandisha maji, kushusha taka na kumbeba mkubwa wa nyumba akishindwa na miguu, na habari hiyo inasomeka katika ngazi zao kwa uwazi kuliko katika vitabu vingi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalitaifishwa, yakagawiwa vyumba vyumba, na ngazi iliyokuwa ya ukoo mmoja ikawa njia ya kila mtu. Watumishi hawapo. Wazee wapo.

Na wazee wa juu wana mbinu zao. Kikapu kilichofungwa kamba hushushwa dirishani kwa muuza mboga au mkate, pesa zikitangulia ndani yake. Salamu hupanda kwa sauti. Wapo wanaokaa hivyo mwaka mzima na zaidi, wakiwajua wapita njia kwa kofia na mitandio yao, maana kutoka juu nyuso hazionekani. Na wapo ambao safari yao ya pili ya ngazini ni ya jeneza, ambalo nalo huinamishwa na kugeuzwa kwa taabu penye kona, wabebaji wakinong'onezana nani atangulie.

Mbinu ya zamani kuliko zote ni watu. Hata wafalme waliitumia: mwanahistoria David Starkey alieleza mwaka 2009 kwamba Henry VIII wa Uingereza, alipokwisha kunenepa na mguu wake kuoza kwa kidonda, alitengenezewa kiti kilichovutwa na watumishi kwa kamba juu ya ngazi za kasri lake. Kiponda haina kamba wala kasri, ina vijana. Vijana wanne humshusha mzee kwa kiti siku ya Ijumaa, wakampeleka msikitini, wakamrudisha, na hakuna anayeona aibu. Mzee huwatania njia nzima. Kwa mama mtu mzima shughuli ni nyingine. Kubebwa na vijana asiowazaa, nguo zikipanda, mwili ambao upande mmoja hautii amri ukiwa mikononi mwa wageni, ni jambo ambalo mama yule wa Migato alilikataa siku ya pili baada ya kufika, na hakulirejea tena kwa maneno.

Mtu wa nyumbani mwenye nguvu za kumbeba alikuwa mmoja tu, mume wa binti yake, na huyo ndiye hasa asiyeweza. Kwa Wasukuma wa umri wake, kama kwa watu wengi wa bara, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Mkwe huyu, mtu wa Unguja kwa asili na malezi, alikwisha kujifunza hayo miaka ya uchumba. Alimwamkia mama mkwe wake kila asubuhi akiwa amesimama nje ya mlango wa chumba, macho chini, "Shikamoo, Mama," naye akajibiwa marahaba kutoka ndani, na heshima ile iliwakaa vyema wote wawili. Mtu kama huyo hawezi kumtia mkono mama mkwe wake chini ya mapaja na kumbeba kifuani vidato 20. Ngazi isingekuwapo, adabu hiyo isingemgharimu mtu chochote.

Habari ya kiti ilikuja kwa simu kutoka Northampton. Wifi yake mwalimu anaishi huko miaka mingi na kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Katika nyumba hizo alikuwa ameona kiti kinachopanda ngazi: reli ya alumini imefungwa kwenye vidato kutoka chini mpaka juu, na juu ya reli kuna kiti chenye mikono, mkanda na pa kuwekea miguu. Mtu hukaa, hujifunga mkanda, hubonyeza kijiti kidogo kilicho kwenye mkono wa kiti, na kiti huenda. Huenda taratibu, kiwango cha Ulaya hakiruhusu kizidi sentimita 15 kwa sekunde, yaani ngazi ya nyumba ya kawaida humalizika chini ya dakika moja. Ndani yake mna mota inayozungusha gurudumu la meno, na meno hayo hushikana na meno ya reli, hivyo kiti hakiporomoki hata umeme ukizimika. Kikikutana na kizuizi, kiatu kilichosahauliwa au paka aliyelala, hujisimamisha.

Si kitu kipya. Katika miaka ya 1920, huko Pennsylvania, Marekani, C. C. Crispen alibuni kiti cha namna hiyo kwa ajili ya rafiki yake mgonjwa ambaye ngazi zilikuwa zimemshinda. Na Zanzibar si ngeni wa mashine za kuwapandisha watu: Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, husifiwa kuwa jengo la kwanza la Afrika Mashariki kuwa na lifti. Lakini hiyo ilikuwa lifti ya jumba la fahari. Bibi wa Kiponda hakuipanda, na sehemu kubwa ya jumba lenyewe iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Wifi alikuwa na zaidi ya habari. Palikuwa na kiti kilichotumika, cha marehemu mmoja, na jamaa zake walitaka kiondoke nyumbani. Wangekitoa kwa bei ndogo, wakati ambapo kiti kipya cha ngazi iliyonyooka huko huuzwa kwa kiasi cha pauni 2,000 hadi 3,000. Kontena la vitu vya nyumbani lilikuwa likijazwa na nafasi ilikuwapo. Kila mtu akafurahi. Mwalimu peke yake, kwa mazoea ya kazi yake, aliazima futikamba akaenda kupima.

Alihesabu vidato 13 vilivyonyooka kutoka mlango wa njiani mpaka kituo cha ngazi. Hapo ngazi inakata kona kwa vidato vitatu vya umbo la kipande cha keki, vyembamba ndani na vipana nje, halafu vinne vya mwisho mpaka ghorofani kwake. Na hapo shauri zima likapinda pamoja na ngazi. Reli iliyonyooka ni vipande vya alumini ambavyo fundi hukata kwa msumeno vikatosha, na kwa hiyo kiti chake huweza kuhama kutoka nyumba hii hadi nyingine. Reli ya ngazi yenye kona hukunjwa kiwandani kwa vipimo vya ngazi moja tu duniani. Nje ya ngazi hiyo ni chuma chakavu. Bei yake huweza kufika mara mbili au tatu ya ile iliyonyooka, na wanaopima ni mafundi wa kiwanda wenyewe, kwa sababu kosa la sentimita mbili penye kona haliwezi kutiwa viraka. Nani angetoka Ulaya kuja kupima Kiponda? Iliyobaki ilikuwa njia ya kati: kiti kilichonyooka mpaka kituoni, kisha vidato saba kwa miguu. Kwa mwenye kiharusi, vidato saba ni vingi kama 20 ikiwa hana pa kushika.

Upana ulikuwa sentimita 74, ukuta kwa ukuta, na penye mbenuko wa chokaa ulipungua. Kiti cha aina hii huhitaji kiasi cha sentimita 70 ili magoti ya aliyekaa yasisugue ukuta wa pili. Kikiwa kimekunjwa hubaki kikichukua theluthi moja ya njia na zaidi, katika ngazi ambayo majirani hupanda na ndoo za maji, magunia ya mkaa na, siku ya arusi, masinia ya pilau. Kisha mlango. Milango ya Mji Mkongwe hufunguka kwa ndani, na mguu wa reli hutokeza mbele ya kidato cha kwanza. Ubao mmoja wa mlango ungeishia kwenye reli. Zipo reli zenye bawaba ambazo kipande chake cha chini hunyanyuliwa, lakini ile ya marehemu wa Northampton haikuwa ya namna hiyo.

Baada ya ngazi hupimwa mtu, na hapa wauzaji wengi hupita upesi mno. Uzito ni jambo jepesi; viti vya kawaida hubeba kilo 120 na zaidi, na mama yule hakuukaribia uzito huo. Swali ni kama anaweza kukaa wima bila kuegemezwa, kama anaweza kutoka kitandani kuingia kitini na kutoka kitini kusimama, kama atakumbuka kuweka mguu wake usio na hisia juu ya ubao na kuuacha hapo. Kijiti cha kuendeshea lazima kiwe upande wa mkono ulio hai, kwake yeye kushoto. Kiti kikifika juu, lazima kigeuke kielekee sakafu ya ghorofa ili anayeshuka asiwe na ngazi mbele yake, na kigeukie upande ambao mguu wenye nguvu ndio utakaokanyaga kwanza. Wapo wasioweza kukunja goti. Hao hutengenezewa kiti chembamba cha kuegemea, nusu wamesimama. Wapo ambao kiti hakiwafai kabisa, wale ambao akili imeanza kupotea njia, kwa kuwa katikati ya safari huweza kufungua mkanda na kusimama.

Mtaalamu wa mazoezi, alipoulizwa, hakusema habari ya kiti kwanza. Aliuliza ngazi ina mbao ngapi za kushikia. Ilikuwa na mmoja. Akaeleza jambo ambalo wenye miguu miwili hawalifikirii: ubao ulio kushoto wakati wa kupanda huwa kulia wakati wa kushuka. Aliyelegea upande wa kulia hupandishwa na ubao ule, halafu akifika juu anakuwa mfungwa, kwa kuwa wakati wa kurudi ubao u upande wa mkono uliokufa. Ubao wa pili ni kazi ya seremala ya siku moja. Ni ajabu kwamba nyumba nyingi za ghorofa, za zamani na za sasa, hazina.

Umeme nao ulijadiliwa, na kila mwenye umri wa kukumbuka alikuwa na la kusema. Mwezi Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mmoja bila ya umeme unaotoka Bara, na kuanzia Desemba 2009 ikakaa kiasi cha miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari ulizinduliwa mwaka 2013 na mambo yakawa nafuu. Viti hivi huendeshwa kwa betri mbili zilizomo ndani yake, zinazochajiwa kila kiti kinaporudi kwenye kituo chake, hivyo umeme ukikatika mtu huweza kupanda na kushuka mara kadhaa kabla betri hazijachoka. Kukatika kwa mchana mmoja si tatizo. Mwezi mmoja ni tatizo. Betri zenyewe hufa baada ya miaka michache, mapema zaidi penye joto, na hewa ya chumvi haina huruma na vyuma. Mwenye kununua kitu cha namna hii kisiwani hana budi kujua, kabla ya kulipa, ni fundi gani atakayekifungua kikikwama, na vipuri vitatoka wapi.

Halafu kuna mwenye ngazi. Nyumba ile ni ya wakfu. Wapangaji wake ni familia nne. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hakuna anayeruhusiwa kutoboa vidato vya miaka mia na ushei kwa skrubu bila ya idhini. Si pingamizi la kipuuzi. Mbao zile zikishapasuka hazipatikani tena. Lakini sheria zina upande wake wa pili. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, Bara mwaka 2010, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo mwaka 2009, mkataba ambao unataja kufikika kwa majengo kwa jina lake. Sheria hizi hukumbukwa penye maofisi na skuli. Haziingii kwa urahisi ndani ya ngazi ya familia nne, wala katika majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ambako waliopewa nyumba za juu wakiwa vijana walizeeka huko huko juu.

Mpaka hapo mama alikuwa amepimwa uzito, urefu wa mapaja na upana wa mabega. Alikuwa hajaulizwa kitu.

Mwalimu alimweleza jioni moja, kwa Kisukuma, akimwonesha picha kwenye simu. Mama alizitazama kwa makini. Aliuliza kiti kipya ni ng'ombe wangapi, akaambiwa kumi hivi, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyesikia bei ya sokoni na hana haja ya kubishana nayo. Kisha akauliza, kwa ulimi wake uliokuwa bado mzito: "Kikishanishusha, nakwenda wapi?"

Binti akasema, "Nje, Mayu. Barazani. Upate hewa."

"Nikae na nani?"

Hakuwa amekusudia lawama. Lilikuwa swali la mtu anayepanga siku yake. Chini ya nyumba ile ni njia yenye upana wa mikono miwili, baiskeli na pikipiki zikipita, wageni wa hoteli wakiburuta masanduku yao, na akina mama wa mtaani ambao wangemkaribisha kwa moyo mweupe, kwa Kiswahili ambacho yeye hukisikia vizuri na hukisema kwa taabu, taabu iliyozidi baada ya maradhi. Wangemuuliza hali yake. Wasingejua kumuuliza habari ya mvua za mwaka huu, bei ya pamba, na kama michembe imekauka vizuri. Huko Migato, chini ya mti wa uani, kila apitaye husimama, na salamu ya Kisukuma haiishi kwa neno moja.

Mwalimu alikaa siku kadhaa na maneno yale. Ukweli ni kwamba kiti kilikuwa chake yeye zaidi kuliko cha mama. Alikitaka kwa sababu kingelimwezesha kumweka mama yake karibu bila ya kumfunga. Ni tamaa ya kila mtoto aliyehamia mbali, na si ya kubezwa. Wala Migato si pepo. Alipompigia simu kaka yake, alimtaka ataje kila kitu ambacho mama angekutana nacho kutoka kitandani mpaka chooni, na kaka akataja: kitanda cha chini mno, kizingiti cha sentimita 15, uwanja unaogeuka tope wakati wa masika, choo cha shimo nyuma ya nyumba, cha kuchutama, ambacho aliyelegea upande mmoja hawezi kukitumia bila ya kushikwa, na mkewe, ambaye ndiye angemshika, kila siku, usiku na mchana. Mazoezi ya viungo hayapo karibu. Dawa zikikatika, mtu lazima apande pikipiki. Nchi ya tambarare nayo ina ngazi zake, fupi fupi, na hakuna kiwanda kinachoziuzia kiti.

Tofauti ni kwamba hizo huweza kuondolewa na fundi wa kijijini. Kanuni ya mteremko inayofuatwa penye viti vya magurudumu ni rahisi: kila sentimita moja ya kwenda juu itandazwe kwa sentimita 12 za kwenda mbele, kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa saruji wa mita moja na sentimita 80. Kaka yake aliumwaga kwa mifuko miwili, akapiga mistari juu yake kwa ufagio kabla haujakauka ili mvua isiufanye utelezi. Choo kipya kilichimbwa karibu na mlango wa nyuma, kikajengewa kiti cha matofali na saruji, na kwenye kuta zake zote mbili zikafungwa nguzo za kushikia. Kitanda kikanyanyuliwa kwa matofali. Njia kati ya nyumba na mti wa uani ikashindiliwa kwa changarawe. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya kiti kipya, na sehemu yake ilitoka katika pesa zilizokuwa zimechangwa kwa ajili ya kiti.

Hesabu hiyo haikuhusisha jasho la mke wa kaka, ambalo halikuulizwa bei. Mwalimu alilitambua hilo, na kila mwezi humtumia shemeji yake fungu lake peke yake, mbali na la mama.

Huko Kiponda ubao wa pili ulifungwa, kwa misumari mirefu iliyopita chokaa mpaka kwenye jiwe. Mama alifanya mazoezi wiki sita, kidato kimoja, viwili, vinne. Mwezi wa saba alishuka. Alishuka kinyumenyume, mkono wa kushoto kwenye ubao, binti yake vidato viwili chini akimpangia mguu wa kulia, wajukuu juu wakihesabu kwa sauti mpaka walipoambiwa wanyamaze. Ilichukua nusu saa, pamoja na kupumzika kituoni. Mkwe wake alisubiri njiani na mkokoteni wenye godoro wa kumfikisha penye gari, amegeuza uso ukutani mpaka mama alipokwisha kukaa na kujifunika vizuri.

Kontena, kwa upande wake, halikungoja mashauri. Kiti na reli yake vilifika bandarini vikiwa vimefungwa nailoni, vikalipiwa, vikaletwa, na familia ikabaki inavitazama.

Kwenye kituo cha ngazi, pale inapokata kona, pana mlango wa chumba cha kati, na ndani yake anakaa Bi Mkubwa mmoja, mwenye miaka themanini na kitu, magoti yamevimba kwa baridi yabisi. Amezaliwa mtaa ule ule. Alikuwa ameyasikia yote kupitia mlango wake: vipimo, bei, mazoezi, kuhesabu kwa wajukuu. Alimwita mwalimu siku ya tatu baada ya mgeni kuondoka. "Mwanangu," alimwambia, "mama yako alikuwa na ngazi ya kushukia, hana pa kwenda. Mimi pa kwenda ninapo, tele." Akavitaja: kwa mdogo wake Malindi, maulidi ya Mfunguo Sita, khitma za watu wake, baraza iliyo chini kabisa ya dirisha lake, ambako wenziwe watatu hukaa kila alasiri na humpazia sauti akawajibu kwa kupiga kelele, mambo ambayo hayasemeki kwa kupiga kelele. Kutoka mlangoni kwake mpaka njiani ni vidato 13, vyote vimenyooka.

Barua mbili zimekwisha kupelekwa, moja kwa wenye wakfu na moja kwa wahifadhi wa Mji Mkongwe, zikieleza kwamba reli itafungwa kwenye vidato 4 tu kati ya 13, penye mbao zilizokwisha kubadilishwa, na kwamba itatolewa siku isipohitajika tena. Seremala amepata njia ya kuufanya ubao mmoja wa mlango ukunjike. Fundi wa umeme amesema betri zibadilishwe zote mbili. Majirani wawili wamekubali, wa tatu anafikiri habari ya ndoo zake.

Kiti chenyewe, bila ya reli, kimewekwa chumbani mwa Bi Mkubwa karibu na dirisha, maana hapakuwa na pengine pa kukiweka. Hukikalia alasiri. Amekwisha kulalamika kwamba pa kuwekea miguu pako juu mno kwake, na ameagiza kijiti cha kuendeshea kiwe mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia una tasbihi.